Chai Aliyoiokoa Qiaoyun

Siku kaka yangu alipofariki, mkewe Guizhi hakupiga ukelele. Alikaa jikoni akautazama moto mpaka ukazimika wenyewe, kisha akainuka akapika uji. Kwa hiyo asubuhi ile ya msimu wa chai, niliposikia ukelele wake ukishuka kutoka juu kwao, nilitupa jembe nikapanda matuta mbio, nikiwa na hakika kwamba kuna mtu amekufa.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha jiko la chai. Kapu alilotoka nalo kuchuma lilikuwa limelala ubavu, vichipukizi vimetapakaa kizingitini, naye alikuwa akivikanyaga bila kujua. Ndani, mbele ya makaa, alisimama mkwewe Qiaoyun, mikono imejaa masizi na paji la uso linang'aa kwa jasho. Alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lenyewe lilikuwa halijapata habari.

"Baba Mdogo, karibu uone," Qiaoyun akaniambia. "Nimeiokoa chai!"

"Ameiua," Guizhi akasema. Baada ya ukelele ule, sauti yake sasa ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. "Shemeji, ingia uangalie. Ameiua chai yangu."

Niliingia. Juu ya ungo kulikuwa na chai iliyokaushwa vizuri kabisa: vichipukizi vyembamba, vikavu, vya kijani, vyenye harufu kali ya ubichi uliopita motoni. Pembeni, kitambaa cheupe cha pamba kilikuwa kimekunjwa kwa adabu. Nilipokiona kile kitambaa kimekunjwa, nilikaa juu ya gogo la kuni.

Watu wa mjini wanaokuja kutembea huku kwetu milima ya Dabie huuliza mti wa chai nyekundu uko wapi na mti wa chai ya kijani uko wapi. Tunawaonyesha kichaka kilekile, nao hudhani tunawatania. Lakini ndivyo ilivyo. Mmea ni mmoja. Chai zote ni watoto wa tumbo moja waliolelewa na shangazi tofauti. Jani likishachumwa tu huanza kubadilika lenyewe, na kazi yote ya mtengenezaji ni kuamua alikatize safari wapi, na kwa namna gani. Ukiliacha lisinyae na kukauka polepole bila kulisumbua, umepata chai nyeupe. Ukiliwahi kwa karai la moto kabla halijabadilika, linabaki kijani. Watu wa Fujian hulitikisa kwenye ungo mpaka kingo zake zichubuke, wakaliacha lifike nusu ya njia, na hiyo ndiyo wulong. Likivingirishwa mpaka litoe maji na kuachwa lifike mwisho kabisa, ni chai nyekundu, ambayo nasikia watu wa mbali huiita nyeusi. Na nyeusi yetu hasa ni nyingine tena, hurundikwa na unyevu wake, na kadiri inavyozeeka ndivyo inavyotafutwa.

Ya nyumba ile ilikuwa chai ya manjano. Hiyo na ya kijani ni ndugu wa karibu mno, hukaangwa kwenye karai moja kwa mkono mmoja. Tofauti inakuja baadaye. Ingali na uvuguvugu na unyevu kidogo, chai ya manjano hufungwa. Nyumba nyingine hutumia karatasi, sisi tunatumia kitambaa. Inawekwa kapuni karibu na jiko, inaachwa itoke jasho. Humo gizani ule ukali wa majani mabichi hulegea, rangi inageuka, na unabaki utamu kama wa mahindi machanga yaliyochemshwa. Ukikifungua kitambaa mapema, umepata chai ya kijani iliyochoka. Ukichelewa, inachacha, na hakuna wa kuinywa.

Sasa Qiaoyun alikuwa ameolewa kwetu kutoka ng'ambo ya milima, kwa watu wa chai ya kijani ya majani mapana. Alikuja majira ya baridi, na huu ulikuwa msimu wake wa kwanza. Yeye na mama mkwe wake walipatana tangu siku ya kwanza, na kupatana kwao kulikuwa kwa kutaniana.

"Kwenu mnatupa kichipukizi mnakunywa jani," Guizhi alikuwa akimwambia. "Ni sawa na mtu anayetupa nyama akaguguna mfupa."

"Na nyie Mama mnachuma vitoto ambavyo havijafumbua hata macho," Qiaoyun alikuwa akijibu. "Hamwoni huruma?"

Lakini kazi ya kitambaa Guizhi hakuwahi kumwonyesha. Kwa kweli hakuwahi kumwonyesha mtu yeyote. Alipofunga chai alifunga na mlango. Na kwao Qiaoyun, chai ikigeuka manjano ni fedheha. Mtu akikuambia chai yako imekuwa manjano, amekutukana wewe, mama yako na karai lenu.

Basi asubuhi ile Guizhi alikuwa mlimani na wachumaji. Mwanawe Mingkai, mume wa Qiaoyun, alikuwa ameondoka na pikipiki kwenda kituo cha basi kumchukua mgeni. Qiaoyun aliingia kuchemsha maji, akasikia harufu iliyomtia wasiwasi, akafunua kapu. Akaona kile ambacho kwao ni msiba: chai yenye unyevu, imefungwa, imesahauliwa, imeanza kugeuka rangi. Alifanya ambacho binti yeyote wa kwao angefanya. Aliwasha makaa, akaimwaga chai kwenye kapu la kukaushia, akawa analiweka motoni na kulitoa, analiweka na kulitoa, anageuza na kurudisha, peke yake, kazi ambayo kwao hufanywa na watu wawili wanaokimbizana. Aliifanya kwa ustadi. Hilo ndilo lililokuwa chungu.

"Ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, Mama," alisema.

"Ndiyo!" Guizhi akajibu.

"Nikadhani umesahau."

"Ndivyo ilivyo! Ndivyo inavyotakiwa! Inaitwaje hii chai, mwanangu? Inaitwaje?"

Qiaoyun alifungua mdomo kujibu, halafu nikaona jibu linamfika yeye mwenyewe. Akakitazama kitambaa. Akaitazama chai juu ya ungo. Tabasamu likaondoka usoni mwake kidogo kidogo, kama maji yanavyozama mchangani, kisha akaweka viganja vyake vyenye masizi mdomoni.

"Mimi nilidhani manjano ni jina tu," akasema ndani ya viganja. "Kama watu wanavyoitwa Bahati. Mungu wangu. Mama. Na mgeni anakuja leo."

Mgeni ndiye aliyekuwa shida yenyewe. Bwana Pang ana nyumba ya chai kule mjini Hefei, na kati ya wanunuzi wote wa chai ya manjano ya Guizhi, amebaki yeye. Wengine waliacha mmoja mmoja tangu kaka yangu afe. Waliondoka kwa heshima, bila ugomvi. Walisema tu kwamba hawaoni tena sababu ya kuitafuta, kwa kuwa ya kijani iko tele na haina shida. Mingkai alikuwa amemsihi mama yake abomoe jiko la zamani waweke mashine, watengeneze ya kijani kama majirani. Guizhi alikataa miaka mingi. Majira ya baridi yaliyopita, baada ya arusi, alichoka kukataa.

"Mwaka huu Bwana Pang aonje hapa, mbele yangu," alisema siku hiyo, sote tukiwa mezani. "Akisema chai yangu haina tofauti na ya kijani, jiko nitalivunja mimi mwenyewe. Nyundo nitaishika mimi, si mtu mwingine."

Na sasa Bwana Pang alikuwa njiani, na kwenye ungo kulikuwa na chai ya kijani.

Niliwasaidia kuokota vichipukizi kizingitini. Guizhi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, kwa hiyo alipapasa sakafu kwa vidole, akitenga vilivyopondwa na vizima kwa kugusa tu. Qiaoyun alipiga magoti kando yake akiokota na kulia, na mara moja moja mikono yao iligongana.

"Usivilowanishe," Guizhi alimwambia. "Machozi yana chumvi."

Pikipiki ikasikika bondeni.

Mingkai aliingia wa kwanza, anafuta vumbi usoni. Mama yake hakumpa nafasi ya kusalimu.

"Mkeo amefungua kitambaa akaikausha chai."

Niliutazama uso wa Mingkai, kwa sababu nilitaka kuwa karibu endapo atamfokea mkewe. Alikuwa amepauka. Lakini hasira haikuwepo. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mlango aliokuwa na ufunguo wake umeshafunguliwa na mwingine. Sikuelewa, nikaacha. Watu hupokea msiba kila mmoja kwa namna yake.

"Basi, si kitu," Mingkai akasema haraka. "Tumwambie Bwana Pang mwaka huu mvua imetuharibia. Tumpe chakula, tumpe nyama ya kukausha aende nayo. Ataonja mwakani."

"Mvua gani?" Guizhi akauliza.

"Mama, maneno tu ya kumwambia mgeni."

"Ameacha kazi zake akapanda basi kuja kwangu. Ataonja iliyopo na ataambiwa ukweli. Qiaoyun, osha mikono, uchemshe maji. Na uso pia."

Bwana Pang ni mtu mnene, mpole, anayehema akipanda ngazi mbili. Alikaa kwenye benchi, akakubali kitambaa cha kujifutia jasho, akaulizia afya ya kila mtu kwa jina. Guizhi alisimama mbele yake, mikono imekunjwa tumboni kama mtoto wa shule.

"Bwana Pang, nakuomba radhi. Chai hii ilikatishwa kabla ya wakati. Si ya manjano. Kosa si la mtu, ni langu, sikufundisha. Onja, lakini usiihesabu."

Mingkai aliinuka. "Ngoja nikalete karanga," akasema.

"Kaa," mama yake akamwambia.

Qiaoyun alimimina maji kwenye bilauri. Vichipukizi vikasimama wima, vikapanda, vikashuka. Bwana Pang alivitazama, akanusa, akanywa funda, akalitembeza kinywani. Akanywa jingine. Kisha akaweka bilauri mezani, akamtazama Guizhi kwa mshangao wa kweli.

"Dada Guizhi, unaniomba radhi ya nini? Mbona ni ileile?"

"Ileile ipi?"

"Ileile ya kila mwaka. Chai yako. Labda mwaka huu imekaushwa vizuri zaidi, lakini ni ileile."

Qiaoyun alisimama na birika mkononi, akimtazama mama mkwe wake.

"Bwana Pang," Guizhi akasema, "mimi si mtu wa kubembelezwa."

"Nami si mtu wa kubembeleza katika chai. Ngoja." Alifungua mkoba wake akatoa kopo dogo. "Kila mwaka nabakiza kidogo ili nilinganishe na mpya. Hii ni yako ya mwaka jana. Niwekee bilauri nyingine, binti."

Qiaoyun akaweka. Bilauri mbili zikasimama ubavu kwa ubavu. Hata mimi niliona. Moja imefifia kidogo kwa uzee wa mwaka, lakini rangi ya maji ilikuwa moja, kijani hafifu, na vichipukizi vilikuwa vya kijani, chini mpaka juu.

Ni lazima niseme hapa kwamba katika nyumba ile hakuna aliyekuwa akinywa chai ya kwanza. Kote huku ni hivyo: vichipukizi vya kwanza ni vya mnunuzi, na sisi tunakunywa majani makubwa ya mwisho wa msimu. Mwonjaji alikuwa kaka yangu. Alikuwa akionja funda moja kila mwaka, akisema "imefika" au "haijafika". Baada ya kifo chake, Guizhi alikataa kuchukua nafasi hiyo. Kikombe cha kwanza alikimimina kaburini, siku ya kufagia makaburi, na aliye kaburini halalamiki. Kazi ya kukausha mwishoni ilikuwa imechukuliwa na Mingkai. Mimi nilikuwa nashika moto wa karai tu, kisha narudi kwenye matuta yangu.

Guizhi alinyoosha mkono. Alipapasa meza akaipata bilauri ya kwanza, akaileta puani, akanywa. Akapapasa akaipata ya pili, akanywa. Alikaa na lile funda la pili kinywani muda mrefu, mashavu yamevimba kidogo, kama mtu asiyejua ateme au ameze. Kisha akameza.

Hakumtazama mtu. Alisema tu: "Mingkai."

Mingkai alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mingkai, mwanangu. Mwaka jana Qiaoyun hakuwepo hapa. Nani alifungua kitambaa mwaka jana?"

"Mimi, Mama."

"Na mwaka juzi?"

"Mimi. Yote ni mimi."

Qiaoyun alishika ukingo wa meza. Bwana Pang alikuwa ameanza kuinuka, kwa adabu, ili atoke nje, kisha akakaa tena.

"Ule mwaka baada ya Baba," Mingkai akasema. Alikuwa akizungumza na sakafu. "Ulifunga chai ukaenda kukaa kaburini kwake. Hukurudi. Mimi nilirudi shambani nikakuta harufu hapa ndani. Ilikuwa imechacha, Mama, imeshikana kama godoro lililonyeshewa. Uliporudi ukaniuliza, imekuwaje? Nikakuangalia ulivyokuwa. Nikasema imefika. Nikaitupa mtoni, nikakaanga nyingine mbiombio, nikaikausha. Ukaamini."

"Nikaamini."

"Mwaka uliofuata nikasema nitaiangalia tu. Nikafunua kidogo nione. Nikaogopa. Nikaikausha hapohapo, ingali salama. Nikasema mwakani nitasubiri zaidi. Mwakani nikaogopa tena."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa ichache tena halafu wewe ujue."

Nilikuwa natarajia Guizhi alie, au ampige, na lolote kati ya hayo ningelielewa. Badala yake alianza kuzungumza taratibu, kama anajihesabia mambo yake mwenyewe.

"Kwa hiyo Mzee Ruan alipoacha kununua, hakuwa mwongo. Alisema haoni tofauti. Nami nikasema ulimi wake umezeeka. Na yule mama wa duka la mjini. Nikasema ni wivu. Na kila mwaka nilikuwa nanusa chai ikitoka hapa, najiambia, Guizhi, harufu si ile. Halafu najijibu, si chai, ni wewe, pua yako imekufa pamoja na mumeo. Nilijiona nimeoza, Mingkai. Nilikuwa tayari kuvunja jiko kwa sababu nilidhani nimeoza."

"Mama, nisamehe."

"Nyundo iko wapi?"

Sote tulishtuka. Mingkai aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Mama, usi..."

"Shemeji," akaniambia mimi, "nyundo iko nyuma ya mlango. Niletee."

Sikutaka, lakini si mtu ambaye unamkatalia. Nikaileta. Ni nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, na Mingkai alikuwa ameinunua majira ya baridi. Guizhi aliipokea kwa mikono miwili, ikamyumbisha. Akatembea nayo mpaka mbele ya jiko. Bwana Pang akasema, "Dada, Dada, tafadhali." Qiaoyun akafumba macho.

Guizhi aliilaza nyundo chini, mbele ya jiko, akavuta gauni lake vizuri, na akaikalia. Aliikalia kama kuku anavyokalia mayai.

"Hakuna atakayeigusa," akasema, "mpaka nionje chai yangu. Bwana Pang, leo unalala kwa shemeji yangu, kesho utaonja. Wachumaji wako karibu kushuka na makapu yao. Qiaoyun, mwanangu, karai umelijua tangu tumboni mwa mama yako. Kaanga. Shemeji, moto."

"Mimi, Mama?" Qiaoyun akasema. "Baada ya hivi?"

"Wewe umekosa kwa kutojua, na hilo ni kosa langu. Kaanga."

Nikawasha moto. Makapu yalipokuja, Qiaoyun alikaanga huku bado anapiga kwikwi, na mikono yake haikukosea hata kidogo. Mama mkwe wake alimwelekeza akiwa palepale juu ya nyundo. Vichipukizi vilipolainika, vikapitishwa juu ya makaa kidogo tu, akamwita karibu, akamkabidhi kitambaa kilichonyunyiziwa maji, na mbele yetu sote, mlango ukiwa wazi, akamfundisha ile kazi ambayo siku zote aliifungia mlango.

"Usikaze. Vinapaswa kupumua. Haya, ingiza mkono. Joto likoje?"

"Kama maji ya kunawa?"

"Si maji. Maji hayana uhai. Umewahi kushika shingo ya mtoto aliyelala?"

Qiaoyun aliingiza mkono tena, akafikiri. "Ndiyo. Ndivyo ilivyo, Mama."

"Basi ikipoa kuliko shingo ya mtoto, isogeze jikoni. Ikizidi, iondoe. Hilo tu. Mengine ni subira."

"Kumbe ni nepi," Qiaoyun akasema, akifuta pua kwa mkono wa gauni. "Ninyi watu mnaivika chai nepi."

Lilikuwa neno la kwanza la utani tangu asubuhi. Guizhi hakucheka, lakini alimpiga bega kidogo.

Kisha akamwita mwanawe.

"Wewe utakaa hapa na kapu. Shika tumbo lake kwa nje tu, upime joto. Kufunua, hapana."

Mingkai alitazama kapu kama vile ni nyoka. "Na ikichacha?"

"Ikichacha tutainywa imechacha. Mimi nitakunywa ya kwanza, na Bwana Pang atanitazama nikikunja uso, na dunia haitaanguka. Umesikia? Haikuanguka ule mwaka pia. Ungeniambia tu."

Alikaa. Nilipompelekea wali na vichipukizi vya mianzi jioni, alikuwa palepale, kiganja juu ya kapu, midomo imekauka. Asubuhi nilipomleta Bwana Pang, alikuwa palepale. Qiaoyun alikuwa amekaa naye ubavuni, amemwegemea, na nilivyowaona sikuhitaji kuuliza kama wamezungumza.

Guizhi alipapasa mpaka kwenye kapu, akaingiza mkono chini ya kitambaa, akautoa, akaunusa.

"Kausha," akamwambia Qiaoyun. "Moto wa chini. Polepole."

Nimeishi na chai maisha yangu yote, na bado sikuwa tayari kwa harufu ile. Ilipofika juu ya makaa, chumba kilijaa harufu ya jikoni kwa mama, ya nafaka mbichi ndani ya mvuke. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na sikujua kwamba nimeisahau. Nilimtafuta kaka yangu kwa macho mlangoni, nikajishtukia.

Bilauri ikawekwa. Maji yakawa ya manjano, mepesi, kama jua kupitia karatasi ya dirisha. Bwana Pang akanywa. Akaacha kuhema. Akaitazama bilauri, akatazama ndani yake, akamtazama Guizhi.

"Hii ni nini?"

"Ndiyo uliyokuwa ukija kuinunua."

"Hapana," akasema. "Dada, hii sijawahi kuinunua. Nimekuja hapa tangu nilipoachiwa duka, mumeo alikuwa ameshafariki. Nimekuwa nikiwaambia wateja wangu, hii ndiyo chai ya manjano. Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu nikiwaambia..." Hakumaliza. Alikuwa amepigwa na butwaa, mtu mzima, na masikio yake yalikuwa yamewiva.

"Ina tofauti na ya kijani, au haina?"

"Ina tofauti kama mchana na usiku. Ila sijui kama wateja wangu wataipenda. Wameshazoea ile."

"Sikukuuliza hilo," Guizhi akasema. "Nimekuuliza kama ina tofauti."

"Ina tofauti, Dada."

Guizhi akamgeukia mwanawe. "Nyundo ile ni nzuri. Nenda kaimarishe nguzo za banda la kuku, zimelegea."

Bwana Pang alisukuma bilauri yake mbele, akaomba maji mengine. Alikunywa mpaka mara ya tatu.

Baadaye, kabla Bwana Pang hajashuka kwenda kituoni, sote tulipanda kwenye kaburi la kaka yangu. Mingkai ndiye aliyebeba kikombe. Alipiga magoti, akainamisha kikombe, na nusu ikamwagikia nyasi.

"Baba," akasema, kisha akakwama.

"Mwambie," Guizhi akasema. "Amekunywa chai ya kijani miaka yote hii na hakusema neno, maskini, mvumilivu yule. Ana haki ya kujua."

Akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, na sisi wengine tulitazama pembeni. Alipomaliza alitaka kumimina iliyobaki, lakini mama yake akamshika mkono.

"Mbakishie mkeo. Hajaonja."

Ilikuwa kweli. Katika shughuli yote ile hakuna aliyekumbuka kumpa Qiaoyun. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa kilichobaki, akabaki amesimama, amekodoa macho.

"Nini?" Guizhi akauliza. "Ni mbaya? Sema."

"Mama," Qiaoyun akasema, akatazama huku na huku, hata ng'ambo ya milima alikotoka, kama kuna mtu angeweza kusikia. "Mama, nakuomba. Kwetu wasijue."